Fundi Aliyeitwa Chakari

Fundi viatu waliyemwita Chakari hakuwahi kuonja pombe. Miguu yake ilianza kukakamaa alipovuka miaka thelathini, akawa anayumba mchana kweupe, na mtaa ukajitungia sababu. Hata dada yake aliamini, akamfungia mlango miaka nenda miaka rudi.

Asubuhi moja dada huyo alisimama kibandani, ameshika kiatu cha mwanawe mkubwa. Fundi alikipindua. Soli ilikuwa nzima. Ncha tu ndiyo iliyolika, sawasawa na ya kiatu chake mwenyewe.

“Anaburuta mguu,” alisema.

“Daktari anasema ni ugonjwa wa ukoo, kaka. Utando unaofunika mishipa ya fahamu ndio unaoharibika. Tumeurithi kwa mama, nami nikampa mwanangu, wala hatukujua. Wanaomba na damu yako, wapate uhakika.”

“Wakikuta pombe je?”

Dada aliangua kicheko, kisha kilio. “Nisamehe, kaka.”

Fundi alibandika kipande cha raba kwenye ncha ya kiatu, kama alivyozoea kubandika chake, ndipo akafunga kibanda na kuomba mkono wa dada yake. Miaka yote hiyo hakukubali kushikwa njiani, asije akaonekana mlevi anayerudishwa kwake.

“Chakari! Leo umekolea mapema!” kinyozi wa jirani alipiga kelele.

“Huyu ni mgonjwa,” dada alijibu kwa sauti ya kufika mwisho wa mtaa, “na ni kaka yangu.”