Nyumba ya Fundi Lifti

Fundi Lifti alikuwa na sikio la ajabu. Angesimama ghorofa ya chini, akaegemeza kichwa mlangoni, akakwambia ni roda gani ya kamba huko juu imekosa grisi. Wapangaji walimheshimu kwa hilo, naye alijiheshimu kuwazidi. Imani yake ilikuwa moja: mashine nzima haipigi kelele. Imani hiyo hiyo akaipeleka nyumbani.

Akirudi kazini, redio ilizimwa. Watoto walikula kwa vijiko vya plastiki, maana vya chuma viligonga sahani. Hakumpiga mtu, hakumtukana mtu, pombe hakuionja. "Kwangu mimi shwari," alijigamba kwa wenzake. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini nani wa kumwambia bwana yule, na kuongea kwenyewe kulimkera?

Basi zahanati ilipoalika familia zisizo na ugomvi, zije zifundishwe kujikinga nao kabla maji hayajazidi unga, yeye akawa wa kwanza kuitikia. Lifti hutiwa grisi ikiwa nzima, ati. Ukweli ni kwamba alitaka kusifiwa mbele ya mkewe na wanawe wawili.

Mshauri alikuwa mama mmoja mcheshi, hana hata meza. Alivisukuma viti ukutani, akamwita kitindamimba, binti wa darasa la tano.

"Mwanangu, leo hatusemi. Wewe ni mfinyanzi, hawa ni udongo wako. Wapange mnavyoishi baba akiwa nyumbani. Mwenyewe ujipange mwisho."

Binti alimsimamisha baba katikati ya chumba, akaichukua mikono yake na kumziba nayo masikio. Akamweka mama yake mbele ya baba, mikono ameitanua, kama anayezuia kuku wasiingie ndani. Akamgeuza kaka yake uso ukutani. Kisha yeye akachuchumaa nyuma ya kiti, akajiziba mdomo kwa viganja viwili.

Fundi alitaka kucheka. Akamwona mkewe machozi yanamtiririka, na mikono bado ameitanua, haishushi.

"Haya," mshauri akasema taratibu. "Sasa wapange vile ungependa muwe."

Sasa atanivuta kwake, fundi alijiambia. Aliomba hivyo kimoyomoyo, mtu mzima na ndevu zake. Na kweli binti akaja, akamshika mkono wa shati. Akamvuta polepole mpaka mlangoni, akamtoa nje kwenye korido, akaurudisha mlango.

Mwanzo hakusikia kitu. Halafu binti akasema jambo, kaka yake akamjibu, wakawa wanakatizana maneno. Mkewe akaangua kicheko, kile cha mtu anayelia na kucheka kwa pamoja. Miaka yote ya ndoa, fundi hakuwahi kukisikia.

Alishika kitasa. Akajua kwamba akifungua tu, kicheko kitakatika.

"Mama mshauri," aliita kwa sauti ya chini, "niingie?"

Aliyejibu ni binti yake, kwa adabu zote alizofunzwa:

"Samahani, baba. Bado tunaongea."

Akaachia kitasa, akaenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa.