Jina Nililoliruka

Miaka ishirini na sita nimesoma matangazo ya vifo redioni hapa Kamembe, Rwanda. Wenzangu walipewa mpira na muziki wakapendwa na wasichana. Mimi nilipewa wafu, saa saba mchana na saa moja jioni, kwa Kiswahili, ili ndugu walio ng'ambo ya mto, Bukavu kule Kongo, wasikie pia. Nashukuru, na sishukuru kwa mdomo tu. Kazi hiyo ilinijengea nyumba na kunipa heshima. Sokoni nilikuwa nikiuliza bei ya dagaa wa sambaza, mtu anageuka: "Mzee Sultani! Leo ni nani tena?"

Tangazo la kifo kwetu lina utaratibu wake. Anatajwa marehemu na mahali pa maziko, kisha inakuja orodha ya wanaojulishwa, mmoja mmoja, na anapoishi. Orodha hiyo si mapambo. Aliyetajwa ni mtu wa nyumba ile. Asiyetajwa ajue mwenyewe. Nimeona watu wakinuniana mwaka mzima kwa sababu shemeji alitajwa kabla ya mjomba.

Mwaka 2013 Munyemana, mkulima wa Mururu, aliniletea tangazo la baba yake. Majina kumi na tisa kwenye karatasi ya daftari. La mwisho lilikuwa la Béatrice, dada yake wa pekee, mchuuzi wa vitenge Bukavu, ambaye mzee hakusema naye tangu alipoolewa huko bila idhini yake. Munyemana akaweka kidole juu ya jina.

"Huyu asikose, Mzee. Papa alimusamehe mbele ya kufa."

Nikamwambia aondoe wasiwasi.

Siku hiyo kulikuwa na mpira wa kutangazwa mara baada yangu. Mkurugenzi wa wakati ule akanionyesha saa kupitia kioo, mara ya kwanza, mara ya pili, na mimi, mtu mzima mwenye akili zangu, nikaishia jina la kumi na sita. Wawili kati ya walioachwa walikuwa majirani wa marehemu, wangejua tu. Wa tatu alikuwa Béatrice.

Wiki iliyofuata Munyemana alirudi na mkungu wa ndizi kunishukuru. Hakuwa amesikiliza redio. Alikuwa akichimba kaburi.

"Bote balikuya," akasema, yaani wote walifika mazikoni. "Béatrice peke yake ndiye alikatala. Alisikia jina yake na akakatala. Basi, tumemalizana."

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Nikapokea ndizi. Baadaye wachuuzi wa Bukavu walinisimulia upande wa pili: Béatrice alisikiliza tangazo zima, akasikia hadi mashemeji wa Gashonga wakitajwa, lake hakulisikia. Akajua amefutwa katika nyumba ya baba yake. Hakukanyaga tena Mururu.

Niliogopa. Msomaji wa vifo anayeruka majina, nani atamletea karatasi tena? Nilimwambia mke wangu Shadia peke yake. "Papa Nasiri," akaniambia, kwa jina la mwanetu wa kwanza kama kawaida yake, "panda moto uende Mururu leo hii." Mururu si mbali, kwa pikipiki ni mwendo mfupi. Miaka kumi na moja sikufika.

Nilijidanganya kwamba nitasema siku ya kustaafu. Munyemana angekuwa anasikiliza, Béatrice angekuwa anasikiliza, na sentensi moja ingetosha: dada hakukataa, ni mimi niliyemruka. Siku ikafika mwaka jana. Mkurugenzi mpya, kijana anaitwa Théoneste, akanipa karatasi ya shukrani aliyoiandika mwenyewe. Nishukuru uongozi, nishukuru wafadhili, nusura nishukuru jenereta.

"Soma hii tu, Mzee, usiongeze kitu."

Nisimsingizie Théoneste. Hakuna aliyeniziba mdomo. Taa nyekundu iliwaka, mikrofoni ilikuwa yangu. Nikasoma karatasi mpaka nukta ya mwisho, kwa sauti nzuri. Wakapiga makofi, wakanipa soda na cheti. Nina hasira na watu wengi wa redio ile, lakini nikizihesabu vizuri, karibu zote ni juu yangu mwenyewe.

Wiki tatu baadaye tulikuwa mezani saa saba mchana, redio iko wazi. Gracia, binti aliyechukua nafasi yangu, akasoma: Munyemana wa Mururu amefariki, maziko ni kesho. Nikaacha kula. Binti yule anasoma vizuri, hakimbii. Akataja watoto, akataja mashemeji wa Gashonga, akataja binamu wa Nkungu na wajukuu wao. Nilisubiri jina la Béatrice hadi likaanza tangazo la kiwanja kinachouzwa. Hakuwamo. Safari hii hakuna aliyekata kitu; ndugu yake alikufa akiamini kwamba dada hamtaki, na watoto wake wakaandika kama walivyofundishwa.

Shadia akazima redio. Hakupandisha sauti.

"Papa Nasiri, muntu wa kumuambia Béatrice hayuko. Basi uende wewe. Kutangaza bantu benye kufa, si ndiyo kazi ulikuwa unashukuru?"