Mdomo wa Dhahabu amemuombea kaka yangu mke wa mtu

Leo huko Bwera tumeaibishwa kwa Kigiriki.

Binamu yetu Thembo, ndiye msemaji wetu kwa wakwe, siku hizi hataki kuitwa Thembo. Eti yeye ni Krisostomo. Njia nzima kutoka Kasese alitufundisha maana yake, na hakuna aliyemuuliza: ni Kigiriki, mdomo wa dhahabu, sifa aliyopewa askofu Yohana wa zamani kwa mahubiri yake.

Sawa. Yohana alipewa na watu waliomsikia.

Wewe nani alikupa?

Tulienda kumposea kaka yangu binti anaitwa Biira. Mbuzi wetu tukawafunga nje. Msemaji akasimama, akanyoosha koti, akajitangaza: Krisostomo, Mdomo wa Dhahabu! Akasifu milima. Akasifu hata chumvi ya Katwe. Halafu:

"Tumekuja kumuomba binti yenu Masika!"

Jamani!

Huku kwetu jina Masika hupewa binti wa kwanza, Biira wa pili. Hata mtoto wa chekechea anajua.

Mbuzi tu ndio walijibu.

Mwanaume mmoja akasimama nyuma yake, polepole.

"Masika iko bibi yangu. Unamuomba na mimi niko hapa?"

Kaka yangu aliinamisha kichwa, hakukiinua tena. Shangazi yake Biira akatuuliza, "Ule mutu mulimutoa wapi?"

Tumeambiwa turudi na mbuzi wengine. Na msemaji mwingine.

Sasa hivi naona Krisostomo ameposti picha: "Mdomo wa Dhahabu kazini."

Nendeni mkaione. Yule aliyenuna nyuma yake ndiye mume wa Masika.