Sahani Tupu ya Dada

Dada yangu alizaliwa na pua ya ukaguzi. Kabla hajafika miaka kumi alikuwa hanywi maziwa mpaka ayanuse, na akishayanusa ananipa mimi nionje kwanza. Nikikaa kidogo bila kushika tumbo, anakunywa. Mama alikuwa anacheka mpaka machozi, anasema huyu atakuwa daktari. Udaktari haukuja, lakini tabia ya kumtanguliza mwenzake kwenye kikombe haikumtoka.

Kiwandani walimwita Mama Sahani, ingawa hakuwa na mtoto na sijawahi kumwona akipika mlo wa watu wawili. Kiwanda chenyewe kinaosha saladi. Majani yanafika kwenye kreti na udongo wake, yanachambuliwa, yanapitishwa kwenye matangi matatu ya maji ya barafu yenye klorini, yanakaushwa, yanafungwa kwenye mifuko iliyoandikwa "Tayari kwa kula". Kutoka kila shehena Dada alichukua majani machache, akayaponda kwenye maji safi, akadondosha matone kwenye visahani vya plastiki vyenye rojo iliyoganda, akavifungia kwenye kabati la joto. Kijidudu kilicho hai kikiwekwa kwenye ile rojo kinakula na kuzaana, na baada ya siku mbili unaona doa dogo kama kichwa cha pini. Kisahani kikitoka bila doa, Dada aligonga muhuri na kusema maneno ambayo hata walinzi wa getini waliyajua kwa moyo: "Sahani tupu. Gari litoke."

Alifanya hivyo miaka kumi na tisa. Kazi aliijua, hilo sitamnyima. Lakini kazi ilimpanda kichwani. Akija kwangu ananawa hadi viwikoni na kujifuta kwa taulo lake mwenyewe, ambalo alitembea nalo kwenye mfuko wa nailoni. La kwangu alilitazama tu pale msumarini, kama vile linaweza kumrukia.

Mimi nilikuwa mpishi. Shuleni nilipikia watoto mia tatu, na jioni nikirudi namkuta Mama. Kiharusi kilimpiga miaka sita nyuma, kikamwachia ulimi mzito na mkono mmoja tu, wa kushoto, ambao nao ulikwenda taratibu. Baadaye figo zikafuata. Nilimwogesha, nikamsuka, nikamlisha. Kila kitu chake nilikichemsha mpaka kikalainika. Dada alikuja Jumapili moja kwa mwezi, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Tukianza kurushiana maneno, Mama alijikongoja na methali yake ile ile: "Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe." Ilimchukua dakika nzima kuimaliza, na mpaka afike mwisho hasira zilikuwa zimepoa.

Sikuwa na mume wala mali ya kujivunia. Nilikuwa na Mama, na hakuna aliyejua kumlisha kama mimi.

Siku ya kufunga shule mwalimu mkuu alitaka wazazi waone tumeendelea, akaagiza saladi ya kiwandani. Mfuko umeandikwa usioshe tena, basi sikuosha. Nikafungua, nikapanga, nikagawa. Siku ya tatu watoto arobaini na mmoja walikuwa wanaharisha damu. Mmoja, wa darasa la pili, alizikwa.

Kikao cha uchunguzi kikaitwa ukumbi wa shule. Dada alikuja na daftari lake na muhuri wake, amevaa koti jeupe lililopigwa pasi. Hakunitazama wala sikumlaumu kwa hilo, nilidhani anaogopa kuonekana ananibeba. Mwenyekiti akamuuliza, kama saladi ilikuwa safi, ugonjwa umetoka wapi?

"Sahani yangu ilikuwa tupu," akasema. "Baada ya hapo majani yalishikwa na mikono ya mpishi."

"Unamfahamu mpishi?"

"Ni mdogo wangu. Ndiyo maana nasema kwa uchungu."

Uchungu! Nilipiga kelele kwamba mikono yangu ilikuwa imepimwa ikakutwa haina kitu. Wakasema bila shaka nilikuwa nimeshanawa. Nikaondolewa kazini palepale, na nilipotoka mama mmoja akanitemea mate kwenye kiatu. Sikuyafuta mpaka nilipofika nyumbani, kwa sababu mtoto aliyezikwa alikuwa wake.

Wiki iliyofuata Mjomba alifika. Yeye ndiye mkubwa wetu tangu Baba afariki, na akisema amesema. Hakukaa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mwanangu, tumeongea na dada yako. Mama yenu atahamia kwake."

"Mjomba, nimekaa naye miaka sita hajawahi kuumwa tumbo."

"Najua. Lakini watu wanasema. Mgonjwa wa figo alishwe na mkono uliolaza watoto arobaini? Mwisho wa mwezi tutakuja kumchukua."

"Dada hajui hata kumgeuza kitandani."

"Atajifunza," akasema Mjomba, akavaa kofia.

Nililia kama mtoto, nasema bila haya. Mama aliuliza kuna nini, nikamwambia vitunguu.

Zikiwa zimebaki siku tano, Bibi Afya akaja kupitia mlango wa nyuma. Huyu ni mama mmoja wa ofisi ya afya, mwezi mmoja tu kabla ya kustaafu, na ndiye aliyenipima mikono. Aliketi jikoni, akakataa chai, kisha akaniambia kwamba alikuwa amechukua mfuko mmoja wa shehena ile ile, haujafunguliwa, akaupima mwenyewe.

"Kwenye kisahani sikuona kitu, kama dada yako. Nikatia rangi, nikatazama kwa hadubini. Vimejaa tele."

"Vimekufa?"

"Vingekuwa vimekufa ningelala usingizi. Rangi inaonyesha vizima. Sikia, mwanangu. Ukivimwagia klorini na barafu, vingi vinakufa. Vingine vinajikunja. Havili, havizaani, vinangoja. Sasa kisahani kinaona kinachokula tu. Kisichokula kinapita, na muhuri kinagongewa."

"Vinangoja nini?"

"Shida ipite. Nilivitia kwenye supu vuguvugu, siku ya nne vikaamka vyote na njaa yao. Tumbo la mtu ni supu vuguvugu."

Nikamuuliza kama Dada anajua. Bibi Afya akatazama meza.

"Nilimwandikia barua. Aliipokea mwenyewe akasaini, wiki tatu zimepita. Kiwanda kinasema tupime upya. Watapima upya mpaka nistaafu. Mimi mkubwa wangu ameshanifunga mdomo, lakini dada yako akisimama aseme, hakuna wa kumbishia."

Wiki tatu! Mjomba alipokuja kunivua mama yangu, barua ilikuwa kwenye mkoba wa Dada. Siku ile roho mbaya iliniingia. Watu husema hasira hasara, mimi nikaona heri hasara. Nikaenda dukani, nikanunua mfuko wa saladi wa wiki ile, muhuri wa Dada juu yake, na usiku wa kuamkia siku ya kumchukua Mama nikauacha juu ya meza, nje ya friji, ili chochote kilichomo kipate joto lake. Sikuwa na hakika kama kimo. Naye asingekuwa na hakika. Nilichotaka ni kitu kimoja: mkono wa Dada usite mbele ya Mjomba, nimuulize kwa nini, naye akose pa kukimbilia.

Mjomba na Dada walifika saa sita mchana. Nguo za Mama zilikuwa kwenye begi karibu na mlango. Dada akanawa, akajifuta kwa taulo lake, akakaa. Nilikuwa nimempikia Mama uji na Mjomba wali. Mbele ya Dada nikaweka bakuli la saladi.

"Karibu, Dada. Najua mkono wangu unautilia shaka, nimekuletea cha kwenu. Sijakigusa, nimemimina tu."

Mjomba akacheka. "Hapo umefikiri. Hicho kimepimwa."

Dada akalitazama bakuli. "Nimeshiba."

"Hata jani moja? Si sahani yako ilikuwa tupu?"

Akaniinulia macho, na hapo nikaona kwamba amejua kuwa najua. Mkono wake ulisita kweli. Ulisita juu ya meza kwa muda ambao mtu angeweza kufunga viatu viwili. Nikageuka kumtazama Mjomba, kumbe anatafuta chumvi.

Kisha Dada akachukua uma, akachoma majani, akala. Akatafuna polepole, macho yake kwangu, akameza, akachoma tena. Alikula nusu ya bakuli bila kupepesa, bora afe kuliko kukiri. "Mazuri," akasema, "hata hayahitaji chumvi."

Nilishindwa, na ningeinuka nikaliondoa lile bakuli. Lakini Mama, aliyekuwa amekaa kati yetu kwenye kiti chake cha magurudumu, akasema, "Na mimi."

Miaka sita alikuwa hajaonja kitu kibichi. Akaunyanyua mkono wa kushoto, ukaanza safari. Mnajua mkono ule ulivyokwenda. Ulipita kikombe, ukapumzika kwenye ukingo wa meza, ukaanza tena. Nikamtazama Dada. Sema, nikamwambia moyoni. Sema neno moja, ni mama yako. Naye alinitazama hivyo hivyo, kwa sababu bakuli lilikuwa langu na kulivuta ilikuwa kazi yangu. Nikilivuta nitaulizwa kwa nini, naye hatasema kitu, nami nitakuwa mwanamke aliyejaribu kumlisha dada yake sumu. Akisema yeye, kazi yake imekwisha. Kila mmoja alimngoja mwenzake. Mkono wa Mama ukafika.

Alikula majani matatu. Alitabasamu kwa upande wake mmoja na kusema yanalia mdomoni. Mjomba akasema, "Unaona? Kwa mkubwa atafaidi," wakamchukua.

Dada hakuumwa hata kichwa. Mama alianza kuharisha siku ya tatu, na siku ya nne figo zikagoma. Hospitalini daktari, kijana mwenye haraka, alitukuta tumesimama pande mbili za kitanda.

"Siku hizi tatu nne amekula nini kibichi?"

Nikamrekebishia Mama shuka. Akarudia.

"Saladi," akasema Dada.

"Nani alimwandalia?"

Dada akanielekezea mdomo. "Huyu. Kwake, mezani kwake. Kabla hajahamia kwangu."

Daktari akaandika. Nilifungua kinywa kusema kuhusu barua, kikabaki wazi. Nikisema niliijua barua, nimesema pia kwamba niliijua siku nilipoweka bakuli. Kwenye kikao cha shule Dada alinisingizia mbele ya watu wote na sauti yangu ikasikika mpaka barabarani. Pale hospitalini hakuongeza neno la uongo.

Alinifuata kwenye korido, taulo lake mkononi.

"Ulikuwa unajua," akasema.

"Na wewe."

"Basi nyamaza, na mimi nitanyamaza."

Mama alifariki Jumanne asubuhi. Msibani Mjomba alinikataza kusogelea sufuria, na wanawake wakamwomba Dada asimamie chakula kwa kuwa ndiye msafi. Bibi Afya alistaafu. Mimi nimekuwa mtu wa kufulia watu nguo, na nimetunza ahadi ile ya kunyamaza miaka minne. Kila asubuhi kabla ya saa mbili gari la kiwanda linapita mbele ya nyumba yangu likipeleka saladi shuleni, na mimi huwa nimesimama pale kibarazani, naanika.