Kichwa Si Chungu

Mwezi uliopita nilirudi Samuye kumzika bibi, mama yake baba. Wenzangu walilia. Mimi nilisimama nikiutazama uwanja wake wa kuchomea vyungu, sasa umeota magugu, na hasira yangu ikaamka upya.

Nikwambie ukweli, rafiki yangu, bibi alikuwa fundi. Alifinyanga kutwa peke yake, kimya, mikono ikinuka udongo mbichi. Chungu kikitoka na ufa alikivunja hapohapo, wala hakuna aliyejua. Vilivyotoka vizuri vilikaa ghalani hata mwezi mzima vikisubiri mnada.

Mama yangu alikuwa msusi. Yeye hakuwa na cha kuweka ghalani. Mteja asipokuja, siku imepotea; wakija watano kwa pamoja, wanagombana kwenye benchi huku wakimwambia vuta, legeza, anza upya. Bibi aliita kazi hiyo umbea wa kukaa.

Jumamosi moja asubuhi mama alikuwa anamtengeneza bi harusi, binti wa mwalimu wetu. Ndiyo kwanza amempaka dawa ya kulainisha nywele, wingu likafunga. Bibi akapiga kelele kutoka uani, alikoanika vyungu vibichi.

"Mkamwana! Njoo tuingize vyungu, mvua hiyo!"

"Mama, nina kichwa cha mtu mkononi."

"Kichwa kitakimbilia wapi? Njoo!"

Kwetu mkwe hakataliwi mara mbili. Mama akaenda. Vyungu vyote vilipona, vyungu ambavyo hata vingelowa angevifinyanga upya! Mama aliporudi, binti alikuwa analia kwa kuunguzwa na dawa iliyokaa mno, na nywele za utosini zikatoka na maji ya kusuuzia. Alifunga ndoa amejitanda kitambaa.

Bibi alicheka mbele ya majirani. "Kibovu changu nakivunja nyumbani. Chako kimekwenda kanisani kwa miguu yake."

Mama alikwenda peke yake kumpigia mwalimu magoti. Bibi hakusema hata siku moja kwamba ni yeye aliyemwita. Wateja wakakatika. Tukahamia machimboni Nyarugusu, mama akaponda mawe ya dhahabu katika vumbi mpaka kifua kikamuua.

Vyungu vya bibi bado vimo majikoni Samuye, na watu wanavisifu. Misuko ya mama ilifumuliwa yote zamani. Mimi nakumbuka vidole vyake tu, vyenye mafuta ya nazi, vikinigawa nywele Jumapili jioni bila haraka. Bibi sijamsamehe, na sina mpango.