Makapteni Wawili Mezani

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Niliishia darasa la tano, nikafika Toronto na begi moja, na leo nusu ya mtaa wa Jane na Finch inaoga maji niliyoyapitisha kwa mikono hii. Meneja mpya wa majengo ninayohudumia aliponiambia kwamba baada ya miezi miwili fundi bomba asiye na cheti haingii kwenye maghorofa yake, nilicheka. Nikaenda kwenye mtihani bila kufungua kitabu. Nikafeli.

Miaka ishirini na miwili ya kulala chini ya masinki, magoti yameisha, halafu kompyuta inaniambia sijui kazi. Nilijitupa kwenye kochi na viatu vyangu.

Binti yangu, anayesoma historia chuo kikuu, alikuwa akiandika insha juu ya ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, wa karne ya kumi na nane. Akanisimulia. Ofisa huyo alipanda meli ana miaka kumi na miwili, akasugua sitaha, akaijua bahari kuliko wakubwa wake, ila hakuwa na mtu wa kumshika mkono. Ili awe luteni ilibidi akae mbele ya makapteni watatu wamuulize maswali. Mara ya kwanza walimrudisha. Alipopita, vita vikaisha, akaachwa nchi kavu kwa nusu mshahara miaka tisa. Ukapteni ulimkuta ana mvi.

"Walimuuliza kwa mdomo?"

"Kwa mdomo, Baba. Meli inasukumwa kwenye miamba, utafanya nini?"

"Kwa mdomo hata mimi ningepita."

Akafunga kompyuta. "Haya, kaa wima."

Kila jioni yeye na mama yake wakakaa upande mmoja wa meza, mimi upande wa pili. Binti anasoma swali kwa Kiingereza, ananigeuzia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, najibu, kisha ananionyesha jibu langu linavyoandikwa kwenye mtihani wao.

"Maji machafu yanarudi juu ghorofa ya tatu. Utafanya nini?"

Nikajifuta paji la uso kwa kiganja.

"Fundi mkuu wa Toronto," mke wangu akasema, "mbona jasho? Meli inazama hiyo!"

Wiki tano. Kubeba boila ngazini ni nafuu. Nikarudia mtihani, nikapita. Meneja alipokea nakala ya cheti bila kuinua macho, akanipa funguo za chumba cha pampu, nikashuka kazini kama jana.

Yule ofisa, cheo kilimgharimu ujana wake. Mimi, ada ya mitihani miwili pamoja na kodi: dola mia tatu thelathini na tisa.