Woga wa Mama Ernestine

Siku yangu ya kwanza ya ukalimani mahakamani, hapa Johannesburg, kila shahidi alipotamka neno nilianza na "anasema kwamba." Wakati wa mapumziko Mkalimani Mkuu, mama wa Kizulu mwenye sauti ya chini, aliniita kando.

"Bwana Salehe, akisema 'mimi', nawe sema 'mimi'. Wala usimpambe."

Huo ulikuwa ukalimani fuatizi: mtu anasema kipande, ananyamaza, nawe unakirudisha ukitazama daftari lako. Baadaye nilihamia Sandton kwenye mikutano, nikajifunza ukalimani sawia, yaani kusema huku unasikiliza, umefungiwa katika kibanda cha kioo. Msimamizi wetu kule alipenda kasi. Nilimridhisha, lakini jioni kichwa kiliniwanga.

Miaka michache kabla ya kustaafu, kanisa moja la Wakongo huko Troyeville liliniomba nimtafsirie mgeni. Mama Ernestine alikuwa Mmarekani mweusi, mzee wa mkongojo. Tangu ujana wake aliongoza maandamano ya kudai haki ya kupiga kura kwa watu wake, akafungwa mara nyingi. Ukumbi ulijaa.

Alisimulia jela, nikatafsiri. Watu wakapiga makofi. Kisha akashusha sauti. Alisema siku ya maandamano yake ya kwanza askari waliwaachia mbwa, naye akakimbia, akamwacha rafiki yake Clara ameanguka barabarani.

Mchungaji, aliyejua Kiingereza kiasi, aliniinamia sikioni. "Papa, ile uache. Batu bamekuya kusikia shujaa."

Alikuwa mwenyeji wangu, na mtu mwema. Mama Ernestine alinitazama, akingoja.

Nikayasema yote kama alivyoyasema: "Mimi nilikimbia. Nilimwacha Clara chini. Kesho yake nilirudi kwa aibu, si kwa ujasiri, naye Clara, mkono umefungwa bendeji, akanisogezea nafasi mstarini."

Hakuna aliyepiga makofi. Nikadhani nimeharibu shughuli ya watu.

Ndipo mshonaji mmoja akasimama nyuma. "Miye pia nilikimbiaka," akasema. "Nilimuachaka dada yangu ku Uvira, wakati ya vita. Sijamwambia mutu."

Nilimtafsiria Mama Ernestine. Akashuka jukwaani taratibu, akamfikia, wakakumbatiana. Nilisogea karibu na daftari langu, kalamu tayari. Wakalia, wakashikana nyuso, wakanong'onezana, kila mmoja kwa lugha yake.

Mchungaji akaniletea kiti na kikombe cha chai. "Keti, Papa," akasema. "Hawahitaji mutafsiri sasa."

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Observatory. Katika kazi zangu zote, chai ile ndiyo malipo ninayoyakumbuka.